Barua pepe ya programu za afya ijaribiwe Lusangi, si Kinshasa

Zoni ya afya ya Lusangi iko wilayani Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Kama zoni zingine za nchi, takwimu zake zinaingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, SNIS, unaotumia programu iitwayo DHIS2. Watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungulia kituoni, wagonjwa wa malaria, vifo: vyote vinapita hapo. Programu ya aina hii inapozinduliwa, hotuba zinataja kompyuta, tableti na semina za mafunzo. Ni wachache wanaouliza maswali mawili: je, barua pepe zinazotumwa na programu zinafika? Na je, namba inayoonekana kwenye skrini ni ya leo au ya jana?

Maswali hayo yanaachiwa fundi, na fundi mara nyingi anakaa mahali penye rezo nzuri. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

DHIS2 ni programu huria inayotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990. Mtu hafungui akaunti tu na kuanza kazi, kama anavyofanya kwa Gmail. Nchi au shirika linalotaka kuitumia linaiweka kwenye seva yake, au kwenye seva linayoilipia. Uhuru huo ni mzuri, kwa kuwa takwimu zinabaki mikononi mwa mwenyewe. Lakini pia unampa mwenyewe kazi ambazo Google humfanyia mtu bila yeye kujua. Kazi mbili kati ya hizo ndizo zinazosahaulika zaidi: kuipa programu njia ya kutuma barua, na kupanga kashe, yaani akiba ya kurasa na hesabu ambazo zimekwisha kutengenezwa mara moja.

Wengi wanadhani kwamba programu ikishawekwa inajua yenyewe kutuma barua. Haijui. Ndani ya DHIS2 kuna ukurasa ambapo msimamizi anaandika jina la seva ya barua, namba ya mlango wake, jina la mtumiaji, neno la siri na anwani ya mtumaji. Ukurasa huo ukibaki mtupu, hakuna barua pepe inayotoka. Muuguzi au mwandishi wa takwimu aliyesahau neno lake la siri hapati barua ya kumfungulia mlango. Inabidi ampigie simu mtu wa Kindu au wa Kinshasa, na kungoja. Programu inaweza pia kupangwa ili itoe onyo pale ambapo wagonjwa wa kipindupindu au surua wanapita idadi fulani. Onyo hilo linabaki ndani ya seva, na mganga mkuu wa zoni anaendelea na kazi zake bila habari.

Halafu kuna tabia iliyokomaa katika ofisi nyingi za nchi: idara, hospitali, hata shirika lenye magari kumi, zina anwani ya Gmail au ya Yahoo kama anwani rasmi. Kwa mtu anayeandika barua zake mwenyewe, hilo linaweza kuvumilika. Kwa programu iliyo kwenye seva yake, ni mtego. Tangu Aprili 2014, Yahoo iliagiza kampuni zingine za barua zikatae ujumbe wowote unaojidai kutoka yahoo.com huku haukutoka kwenye seva zake. Tangu Februari 2024, Google inadai kila anayetuma kwenda Gmail awe na uthibitisho, SPF au DKIM, na wale wanaotuma zaidi ya barua 5000 kwa siku wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. Google ilitangaza pia kwamba barua zinazojifanya kuwa za gmail.com zitatupwa kwenye taka. Na fundi akiamua kupitisha kila kitu kwenye akaunti halisi ya Gmail ya bure, anagonga ukuta karibu na ujumbe 500 kwa siku.

Vifupisho hivyo vitatu vinatisha kuliko vinavyostahili. Kila anayesafiri kikazi kati ya Kasongo na Kabambare anajua karatasi ya misheni. Kwenye kizuizi wanaangalia kama jina lako liko kwenye orodha, kama muhuri ni wa kweli, na kama kuna agizo la mkubwa juu ya mtu asiye na vitu hivyo. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kubeba barua za shirika. DKIM ni muhuri unaoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. DMARC ni agizo la mwenye anwani: barua isiyothibitishwa ipite, iwekwe pembeni, au irudishwe. Yote matatu yanaandikwa kwenye daftari la jina la intaneti la shirika. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayeijua. Lakini lazima shirika liwe na jina lake mwenyewe, na hapo anwani ya yahoo.fr haisaidii kitu.

Kuna pia kizuizi ambacho hakionekani. Kampuni nyingi zinazokodisha seva zinafunga mlango wa 25, ambao barua hupitia toka seva hadi seva, ili kuzuia watuma taka. Njia ya kawaida ni kupitia mbebaji wa barua, kwa mlango wa 587 na neno la siri. Fundi asiyelijua hilo anaweza kupoteza wiki nzima akidhani programu yake ni mgonjwa.

Kwa hospitali au shirika linaloweka programu ndani ya jengo lake hukohuko Kasongo, jambo ni zito zaidi. Seva ya ndani ina faida kubwa: wauguzi wanaendelea kufanya kazi hata intaneti ikikatika, kwa sababu kompyuta zinaongea na seva iliyo chumba cha pili. Ila programu nyingi, zisipopangwa vizuri, zinajaribu kutuma barua palepale mtu anapobonyeza kitufe. Rezo ikiwa imelala, ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha unaonyesha kosa. Muuguzi anadhani mgonjwa hakuandikishwa. Anabonyeza tena. Sasa mgonjwa ameandikwa mara mbili, na mwisho wa mwezi zoni inahesabu wagonjwa wasiokuwepo.

Dawa yake ni foleni. Programu inaikabidhi barua kwa mtumishi mdogo ndani ya seva, kwa mfano Postfix, kisha inaendelea na kazi yake. Mtumishi huyo anajaribu kutuma, anashindwa, anangoja, anajaribu tena. Asipobadilishiwa mpango, Postfix huhangaika na barua moja kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Siku 5 ni muda unaofaa Kabambare. Lakini tahadhari: kiungo cha kubadilisha neno la siri mara nyingi huisha muda wake baada ya saa moja au saa chache. Barua iliyolala kwenye foleni usiku kucha inafika asubuhi ikiwa na kiungo kilichokufa. Aliyepanga saa moja hakufikiria mahali ambapo rezo inaweza kupotea tangu magharibi hadi asubuhi, na kuurefusha muda huo ni jambo la kubadilisha namba moja tu.

Kwa upande wa kashe, neema inaonekana kwanza kwenye mfuko. Mega zinanunuliwa, na mara nyingi anayezinunua ni muuguzi mwenyewe. Ukurasa wenye uzito wa mega 3 ukifunguliwa mara 20 kwa siku bila kashe, ni mega 60. Kashe ikiwa imepangwa, picha, rangi na sehemu zisizobadilika zinabaki kwenye simu, na kinachosafiri ni namba mpya peke yake. Programu ya simu ya DHIS2 inaruhusu hata kuandika takwimu bila rezo kabisa na kuzituma pale rezo inapopatikana. Kwa vijiji vya Lusangi, huo ndio uvumbuzi wenye maana.

Shida iko kwenye hesabu zinazotoka. DHIS2 inampa msimamizi nafasi ya kuchagua grafu na jedwali vikae kwenye akiba kwa muda gani: visikae kabisa, vikae dakika moja, saa moja, wiki mbili, au hadi saa 06:00 ya kesho asubuhi. Chaguo hili la mwisho linapendwa kwa sababu hesabu kubwa huwa zinafanywa usiku. Kwa ripoti ya mwezi halina ubaya. Kwa kipindupindu ni hatari: wagonjwa walioandikwa leo saa tatu asubuhi hawataonekana kwenye grafu hadi kesho, na daktari anayeangalia skrini ya Kindu anaona utulivu ambao haupo. Kuna hata jambo la saa. Maniema iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Seva inayofuata saa ya Kinshasa ikifika 06:00, Kasongo ni 07:00, na ikifuata saa ya kimataifa, Kasongo ni 08:00. Mkutano wa asubuhi wa zoni unaweza kumalizika watu wakijadili namba za juzi.

Si lazima iwe hivyo. Programu hiyohiyo ina mpango mwingine, ambao takwimu mpya zinakaa kwenye akiba kwa muda mfupi na zile za zamani zinakaa zaidi, kwa kuwa takwimu za mwaka jana hazibadiliki kila saa. Huo ndio unaofaa jimbo lenye magonjwa ya kuambukiza. Unadai seva yenye nguvu kidogo zaidi, ni kweli, lakini gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na timu inayotumwa kwa pikipiki kwa kuchelewa.

Kashe ina ubaya mwingine, wa siri za watu. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam, la Marekani, lilibadilisha mpango wa kashe likiwa linajitetea dhidi ya mashambulizi. Kurasa za watu zikaanza kuonyeshwa kwa watu wengine, na kampuni ikasema watumiaji wapatao 34,000 waliguswa. Hiyo ni kampuni tajiri yenye mafundi wengi, na kilichovuja ni mambo ya michezo. Katika hospitali, ukurasa unaovuja unaweza kuwa wa mgonjwa wa UKIMWI au wa mwanamke aliyebakwa. Kompyuta moja inayotumiwa na watu watano katika ofisi kuu ya zoni isibakize kurasa za wagonjwa kwenye akiba. Rangi na nembo zihifadhiwe mwaka mzima, jina la mgonjwa lisihifadhiwe hata dakika. Fundi anajua jinsi ya kutenganisha viwili hivi, akiulizwa.

Wapo wanaosema Kabambare watu hawasomi barua pepe, WhatsApp inatosha. Wana haki kwa sehemu. Kwa muuguzi wa kijijini, SMS inafika pale ambapo barua pepe haifiki, na DHIS2 inaweza kutuma SMS pia. Lakini onyo linaloishia kwenye kundi la WhatsApp linapotelea kati ya salamu na picha za harusi, na majina ya wagonjwa yanabaki kwenye simu za watu binafsi. Zoni, jimbo na Kinshasa zinahitaji njia inayoacha alama.

Kasongo si mgeni katika hesabu za afya. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapo pamoja na wenzao wa Zaire. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, utafiti ambao wataalamu wa dunia waliubishania kwa muda mrefu. Enzi hiyo hapakuwa na seva. Karatasi ilichelewa njiani, lakini mwenye kuipokea alijua tarehe iliyoandikwa juu yake.

Ndani ya ukurasa wa barua wa DHIS2 kuna kitufe cha kujitumia ujumbe wa jaribio. Msimamizi anabonyeza, ujumbe unaingia kwenye sanduku lake, anafurahi. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba barua imemfikia mtu mwenye rezo nzuri. Anayelipia programu, awe serikali, dayosisi au shirika la kigeni, anapaswa kukataa kulipa fungu la mwisho hadi onyo la jaribio lifike kwenye simu ileile anayoitumia muuguzi wa Lusangi, jioni ya mvua, na namba aliyoiandika ionekane Kindu siku hiyohiyo. Aulize pia ni nani atalipia jina la intaneti mradi utakapoisha. Siku jina hilo linapokosa kulipiwa, orodha, muhuri na anwani vinaondoka pamoja, na programu inaweza kuendelea kuandika kwenye skrini kwamba ujumbe umetumwa.