Theluji Haina Wenyewe

Novemba ikishaingia, viatu vya mazoezi hurudishwa kabatini katika nyumba nyingi za Waafrika Mashariki na Wakongo waishio Minneapolis, Toronto au Oslo. Anayeuliza sababu hujibiwa kwa kauli iliyokwisha kuwa kama sheria: baridi ina wenyewe. Wazungu wamezaliwa nayo, damu yao imeizoea, wana moyo wa kukimbia huku ndevu zimeganda. Mtoto wa Mombasa, Kigoma au Bukavu na atulie ndani mpaka Aprili.

Kauli hiyo husemwa kwa mapenzi, mara nyingi na wazee wanaowahurumia vijana wao. Hata hivyo ni kauli ya uongo, na hasara yake ni kubwa. Minneapolis theluji huweza kuanguka tangu Novemba na ikawa bado inaonekana Machi. Mtu anayengoja jua hupoteza karibu miezi mitano kila mwaka, na katika miaka kumi hiyo ni kama miaka minne ya kukaa kwenye kochi. Shinikizo la damu na kisukari havina likizo ya majira ya baridi.

Hoja ya mwili ndiyo inayopewa uzito zaidi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Hakuna binadamu aliyezaliwa na manyoya ya dubu. Mnorwe akivuliwa nguo na kuachwa nje penye nyuzi 15 chini ya sifuri atakufa, sawa na Mgogo wa Dodoma. Kinachomwokoa ni sufu, chakula, nyumba yenye moto, na misuli inayofanya kazi. Misuli ikitumika, sehemu kubwa ya nishati yake, takriban robo tatu, hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana tatizo la kwanza la anayekimbia kwenye theluji huwa jasho. Aliyejifunika gubigubi akatoka mlangoni akijisikia vizuri amevaa kupita kiasi. Baada ya muda mfupi fulana yake italowa, na ikiwa ni ya pamba, itakaa na unyevu ule na kumpoza kila anaposimama. Wazoefu huvaa sufu au kitambaa kinachokauka upesi, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, na hukubali kibaridi cha dakika chache za mwanzo.

Wala baridi si mgeni Afrika Mashariki. Makete, katika mkoa wa Njombe, sakitu huunguza viazi mashambani mwezi Juni na Julai. Wapagazi wa Kilimanjaro hulala kwenye kambi ambako maji huganda usiku, kisha asubuhi hubeba mizigo ya watalii waliovaa nguo nzito kuliko zao. Iten, mji wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, umelea mabingwa wa dunia wanaoanza kukimbia alfajiri kabla jua halijapasha udongo. Na yuko Mtogo Tété-Michel Kpomassie, aliyesoma kitabu kuhusu Greenland akiwa kijana, akatoka kwao, akasafiri kwa miaka kadhaa hadi akafika huko mwaka 1965, akaishi na Wainuiti na kujifunza kuendesha sleji ya mbwa. Alizaliwa kwenye joto la Ghuba ya Guinea.

Ipo sehemu moja ya hoja ya mwili ambayo ni kweli, na ni lazima isemwe kwa sababu inahusu vidole vya watu. Takwimu za majeshi ya Uingereza na Marekani zinaonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumia mikono na miguu kwa baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mishipa ya damu ya vidole vyao hubana zaidi na huchelewa kurudisha joto. Lakini hatari inayokaa kwenye vidole hutibiwa kwenye vidole. Glavu za mfuko, zile zinazoweka vidole vinne pamoja, hutunza joto kuliko zenye vidole vilivyotenganishwa. Soksi za sufu na viatu visivyobana mguu hufanya kazi hiyo hiyo chini. Anayehisi ganzi, au kuona ngozi imebadilika rangi na kuwa ngumu, arudi ndani mara moja. Hilo ni somo la namna ya kutoka. Halimwambii mtu akae kitako miezi mitano.

Hata hao wanaoitwa wenyewe wana mpaka wao. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya theluji haziruhusu mbio za ski za masafa kuanza pale kipimo kinaposhuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Upepo nao huhesabiwa, kwa kuwa hupeperusha tabaka jembamba la hewa lenye joto linalozunguka ngozi. Mnorwe anayejua mambo hutazama taarifa ya hali ya hewa, na siku mbaya hubaki nyumbani bila aibu yoyote.

Katika mazungumzo haya jina la Philip Boit hutajwa mara kwa mara, na karibu kila mara hutajwa vibaya. Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Kenya, aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza ski. Mwaka 1998 akasimama kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki ya Nagano, mbio za kilometa 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho, au kama ushahidi kwamba Mkenya aliingia mahali pasipomhusu. Ukweli wake ni tofauti kabisa. Mtu mzima ambaye miaka miwili kabla hakuwa amekanyaga theluji alivuka kilometa 10 za vilima kwa ski, siku moja na bingwa mkubwa kuliko wote wa enzi yake. Kisha akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Dæhlie. Kama mwili wake ungekuwa haufai kwa theluji, miaka hiyo yote ilitosha kumwonyesha.

Linabaki suala la maradhi. Mama anayemwambia bintiye “utashikwa na mafua” anasema lile aliloambiwa na mama yake, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mafua huletwa na virusi. Mwaka 1968 watafiti wa Texas walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wafungwa: waliwapa kirusi cha mafua, wengine wakawekwa kwenye baridi na wengine kwenye joto. Leo kufanya hivyo kwa wafungwa kungelaaniwa, na ni haki kulaaniwa. Matokeo, hata hivyo, yalikuwa wazi: baridi haikuongeza maambukizi. Baadaye tafiti nyingine zilileta mashaka kiasi, kwa kuwa virusi hivyo huzaliana vizuri zaidi puani penye ubaridi. Hata hivyo kirusi ni lazima kitoke kwa mtu, na watu hupeana kwa wingi zaidi ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha, wanakokaa wakikwepa baridi. Aliye peke yake kwenye njia ya bustani hana wa kumwambukiza.

Wenye pumu wana sababu ya kujihadhari, maana hewa baridi na kavu huwabana kifua. Skafu mdomoni na mwanzo wa polepole huwasaidia, pamoja na dawa aliyoagiza daktari. Mgonjwa wa moyo asikurupuke kwenda kuzoa theluji kwa sepetu, kwa sababu mzigo ule ni mzito na mishipa tayari imebanwa na baridi. Kwa wengine wote, hofu hii ya maradhi imewafungia ndani bila sababu.

Huko ndani hakuna hata mwanga wa kutosha. Siku yenye mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa sebule yenye taa, na huo ndio unaopanga usingizi na kuinua hisia katika miezi ya giza. Oslo katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Mtu anayetembea saa sita mchana ameupata mwanga huo. Anayesubiri atoke kazini jioni hataupata. Lakini aliyeupata asidhani kwamba amepata na vitamini D. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kuwa Boston, tangu Novemba hadi Februari, jua haliwezi kuitengeneza kwenye ngozi. Kwa watu weusi wa kaskazini, hilo ni jambo la kuzungumza na daktari na duka la dawa.

Sasa huo moyo wanaosifiwa Wanorwe umetoka wapi? Umejengwa kwa fedha, sheria na vyama. Chama cha ski cha Oslo kilianzishwa mwaka 1883, na hadi leo mashine zake hutengeneza njia msituni. Baadhi ya njia zina taa za usiku, na treni ya mjini hupanda hadi Frognerseteren ikiwa na abiria walioshika ski zao. Oulu, mji wa Finland ulio chini ya kilometa 200 kutoka Duara la Aktiki, watoto huenda shule kwa baiskeli katikati ya theluji kwa sababu manispaa husafisha njia zao mapema. Ukiondoa taa, treni na mashine hizo, moyo wa Mnorwe utapungua kama wa mtu yeyote.

Kinyume chake ndicho kinachomkuta mfanyakazi wa zamu ya usiku katika miji mingi ya Marekani, ambako kusafisha njia ya waenda kwa miguu ni wajibu wa mwenye nyumba. Asiyefanya hivyo humwachia mpita njia barafu ya wiki nzima. Mama anayeogopa kuvunjika nyonga hapo ana haki, na lawama ni ya mwenye nyumba na halmashauri inayomfumbia macho. Kumwambia mama huyo kwamba tatizo ni asili yake ni kuwasaidia hao waliozembea.

Jumuiya za Waswahili ughaibuni hujua kuchanga. Zimesafirisha maiti hadi Kigoma na Kisumu, zimegharimia harusi, zimelipa mawakili. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafikia Michigan au Maine hupewa koti na wahisani, lakini si kila mara hupewa glavu za mfuko, soksi za sufu au vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu. Mchango wa mwezi Oktoba unaweza kununua vitu hivyo, na kundi lile lile la WhatsApp linalotangaza misiba linaweza kutangaza matembezi ya Jumamosi saa sita mchana kwenye njia zinazosafishwa za maziwa ya Minneapolis, na majina ya watakaopita kuwachukua wageni kwa gari.