Springi Mpya katika Bunduki ya Hewa



Jamaa zetu walioko Uingereza ni wengi, na maswali yao hayakosi kutufikia. Mzazi mmoja ametuuliza juu ya kijana wake aishiye huko, mwenye bunduki ya hewa aitumiayo kulenga shabaha. Bunduki imechoka, naye ameagiza springi nyingine, isiyo ya kiwanda kilichoiunda bunduki, ili aitie mwenyewe nyumbani. Je, pana ubaya? Swali hili lina faida kwa kila nyumba yenye kijana apendaye kufungua vyombo, basi tumeonelea tulijibu kwa urefu.

Kwanza tuijue bunduki yenyewe. Ya aina hii haina baruti. Mwenye kuitumia huukunja mtutu wake, na mkunjo huo huirudisha pistoni nyuma na kuibana springi ya chuma mpaka ikanaswa. Kifyatulio kikivutwa, springi hujitanua kwa ghafla, pistoni ikaruka mbele na kuishindilia hewa, na hewa hiyo ndiyo iisukumayo risasi. Springi, kwa hivyo, ndiyo moyo wa bunduki. Ikisha kufyatuliwa mara maelfu hulegea, hufupika au huvunjika, na kuibadilisha ni matengenezo ya kawaida, kama kubadilisha tairi lililokwisha.

Mashaka huanzia dukani. Wauzaji wa vipuri huuza springi za vipimo sawasawa na vya asili, na huuza pia nyingine ngumu zaidi, zinazosifiwa kwa kuongeza nguvu. Wazee wamesema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kijana aghalabu huiendea ile yenye sifa kubwa. Hapo ndipo anapoweza kuuvuka mpaka asiouona.

Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1968, pamoja na kanuni zilizoifuata mwaka 1969, imeweka kikomo cha nguvu ya bunduki ndefu ya hewa. Kikomo hicho ni futi-pauni 12, yaani jouli 16.27 hivi, kipimo kinachochukuliwa risasi inapotoka mtutuni. Katika Uingereza yenyewe na Wales, mtu mzima aliyetimiza miaka 18, asiyezuiliwa na sheria kwa sababu ya kifungo alichowahi kupewa, aweza kuwa na bunduki iliyo chini ya kikomo hicho bila ya cheti. Ikizidi, hata kwa kiasi kidogo, sheria huihesabu kuwa silaha kamili inayohitaji cheti cha polisi. Kuwa nayo bila cheti ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Kwa bastola ya hewa kikomo ni futi-pauni 6 tu, nayo ikizidi huingia katika silaha zilizopigwa marufuku.

Tena kikomo hicho si mbali kama mtu adhaniavyo, kwani nguvu ya risasi hukua kwa mraba wa mwendo wake. Chukua risasi ya gramu 1.04. Ikitoka kwa mita 175 kwa sekunde, nguvu yake ni jouli 15.9, nayo imo ndani ya sheria. Ongeza mwendo ufike mita 190, nyongeza isiyofika sehemu moja ya kumi, nayo nguvu yapanda hadi jouli 18.8. Sikio haliwezi kuipambanua tofauti hiyo, wala mkono. Kijana aliyelala jana akiwa raia mwenye mchezo wake halali aweza kuamka leo akiwa na silaha isiyo na cheti, kwa kipande cha chuma kilicholetwa na posta.

Kinachosikitisha ni kuwa nguvu hiyo mara nyingi haimfaidishi kitu. Springi ngumu kupita kiasi huitikisa bunduki, huifanya pistoni iruke na kurudi kabla risasi haijatoka mtutuni, na shabaha ikaharibika. Mlengaji hodari hutafuta bunduki iliyotulia.

Kazi ya kuitia springi nayo ina hatari yake. Springi imebanwa ndani hata pale bunduki isipotegwa. Mwenye kuilegeza kwa bisibisi juu ya meza ya jikoni aweza kuiona ikifyatuka pamoja na kizibo chake na kumpiga usoni. Mafundi hutumia jiliwa maalumu liibanalo na kuilegeza polepole. Mafuta pia yana masharti yake: mafuta ya kawaida ya mashine yakiingia katika chumba cha hewa huweza kushika moto, kwa sababu hewa ishindiliwapo ghafla hupata joto kali, kama ilivyo katika injini ya dizeli. Asiye na jiliwa, na asiyejua grisi ya kutumia, na ampelekee fundi wa bunduki.

Springi ikisha kuingia, kazi haijakwisha. Hapana budi bunduki ipimwe kwa chombo cha kupima mwendo wa risasi. Klabu nyingi za shabaha na mafundi wanacho. Ipimwe kwa risasi za uzito mbalimbali, maana bunduki moja hutoa nguvu tofauti kwa kila aina ya risasi, na matokeo yaandikwe na kuhifadhiwa.

Kijana akihama, asidhani sheria humfuata safarini. Huko Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, bunduki hiyo hiyo ya kawaida huhitaji cheti. Ireland ya Kaskazini, kinachozidi jouli 1 huhitaji cheti. Ujerumani, kikomo cha asiye na cheti ni jouli 7.5, chini ya nusu ya kile cha Uingereza. Na kwetu Kenya, silaha zina sheria yake, Sura ya 114. Asitie bunduki wala kipuri chake katika sanduku la likizo kuwaonyesha binamu zake, bila ya kupata kwanza ruhusa ya maandishi ya wenye mamlaka.

Lipo na la watoto. Tangu mwaka 2011, mwenye bunduki ya hewa Uingereza na Wales awajibika kisheria kuchukua hadhari ili asiyetimiza miaka 18 asiifikie pasipo ruhusa. Kabati yenye kufuli, na risasi zikawekwa mbali nayo, ndiyo hadhari ya chini kabisa.

Basi jibu letu kwa mzazi ni hili. Mpigie kijana simu, si kwa kumfokea, bali kwa kumuuliza mambo matatu: springi aliyoagiza ina vipimo gani, nani ataitia, na nani ataipima. Akiwa na jibu la yote matatu, muombee heri katika mchezo wake. Akisita katika mojawapo, mwambie aiache springi katika kikasha chake mpaka alipate. Kuchelewa wiki mbili kulenga shabaha ni jambo dogo kuliko kusimama mbele ya hakimu.