Presha Haimalizwi na Kambi ya Siku Tano

Kamati ya maendeleo ya kata nilikozaliwa iliamua, katika kikao cha mwezi uliopita, kwamba michango tuliyochanga kwa ajili ya kumalizia boma la nyumba ya muuguzi wa zahanati ihamishiwe kwenye mapokezi ya madaktari wa kujitolea. Madaktari watakaa siku tano. Fedha zetu zitalipia mahema, chakula, mafuta ya jenereta na nyumba ya wageni. Uamuzi huu ni kosa, na ufutwe kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Sina ugomvi na madaktari hao. Mwaka juzi walipokuja, nilikaa siku tatu kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa, nikawaona wanavyofanya kazi mpaka giza linaingia, hata maji ya kunywa wameyasahau. Wazee wenye mtoto wa jicho walipelekwa kupasuliwa, wakarudi wanaona. Fundi cherehani mmoja alipewa miwani ya kusomea, akatunga uzi kwenye sindano palepale, machozi yakimtoka. Ngiri nayo ikishashonwa imeshonwa. Kwa maradhi yanayokwisha kwa tendo moja, kambi ina maana, na diwani anayesema kwamba watu wa kijijini nao wana haki ya kuonwa na daktari bingwa anasema kweli.

Lakini daftari lile niliandika mimi, na najua lilijaa nini. Presha. Kisukari. Viuno na magoti ya watu walioshika jembe la mkono tangu utotoni. Tumbo linalochoma, minyoo, upele, fangasi, homa za malaria. Hayo ndiyo yaliyopanga foleni tangu alfajiri, na mengi kati yake hayamalizwi na daktari anayepita. Minyoo ya mtoto hutoka kwa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, kisha kesho yake mtoto yuleyule anacheza pekupeku kwenye udongo uleule. Upele unataka nyumba nzima ipakwe dawa kwa pamoja, nguo na matandiko yafuliwe. Mama mwenye watoto watano alikuja na mmoja mgongoni, akaondoka na chupa moja.

Kwenye presha nitakaa zaidi, kwa sababu hapo hoja ya kamati inavunjika kabisa.

Shirika la Afya Duniani linataka presha ithibitishwe kwa vipimo vya siku mbili tofauti: siku zote mbili, namba ya juu iwe imefika 140 au ya chini 90. Kambini mtu anapimwa mara moja, tena baada ya kutembea saa mbili na kusimama juani, moyo ukimdunda kwa hofu ya mashine. Ataambiwa ana presha, na huenda hana. Aliye nayo kweli anapewa amlodipini ya siku 30. Ni dawa nzuri, si ghali, kidonge kimoja kwa siku. Siku ya 31 je? Mgonjwa huyu anahitaji kupimwa tena, kuongezewa dozi ikiwa haijatosha, kuulizwa kama miguu inavimba, kukumbushwa, kufuatwa nyumbani asipotokea. Ni kazi ya kila mwezi, ya miaka yote iliyobaki ya maisha yake.

Na presha haiumi. Shangazi yangu alikuwa kwenye daftari langu. Miezi miwili baada ya kambi nilikwenda kumsalimia, nikamkuta anapepeta mchele. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza habari za dawa. "Zilikwisha, mwanangu. Ila nimepona, kichwa hakinigongi tena." Kwenye mfuko wake wa plastiki mlikuwa bado na vidonge vya diklofenaki, alivyopewa kwenye meza nyingine ya kambi ileile kwa ajili ya magoti. Dawa za aina hiyo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Meza mbili, hema moja, mwanamke mmoja, na hakuna aliyebaki kijijini baada ya siku ya tano kuvitazama vidonge vyake vyote kwa pamoja. Kabla mwaka haujaisha aliamka asubuhi mkono wa kulia hausikii na maneno hayatoki.

Mtu wa kuvitazama vidonge vile ni muuguzi wa zahanati. Wa kwetu anapanga mjini kwa sababu hana pa kulala kijijini. Hufika bodaboda ikipatikana, na jua likianza kushuka hana budi kuondoka. Halafu kamati inachukua bati na milango ya nyumba yake na kuigeuza vitanda vya wageni wa siku tano!

Naambiwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Naambiwa wafadhili hawaji kila mwaka, tusiwavunje moyo. Nimeyasikia haya mpaka nimechoka, hasa kutoka kwa viongozi ambao wao wenyewe wakipanda presha wana gari la kuwafikisha hospitali ya wilaya mwezi baada ya mwezi. Mpango wa serikali wa mwaka 2007 ulisema kila kijiji kiwe na zahanati. Tulijenga zahanati kwa mikono yetu, kinamama wakibeba maji na mchanga kichwani. Hatukuijenga ili iwe jengo la kutundikia bango la kambi.

Madaktari waje, na kamati iwaambie wazi tunachohitaji: wapasuaji wa macho na wa ngiri, na wa kukaa na muuguzi wetu wakimwonyesha namna ya kufungua daftari la wagonjwa wa presha na kisukari, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Malazi yao yatafutwe kwingine. Sisi wenyewe tuna vyumba vya kuwakaribisha.

Boma la muuguzi limefika kwenye linta. Limebaki kuezekwa na kutiwa milango, na masika yakilikuta hivyo kuta zitaanza kulika. Kamati inakutana tena mwishoni mwa mwezi huu. Nitakuwepo, na daftari nitakuja nalo.