TAARIFA YA TAWI LA MTAMBILE: MTU MZIMA NA GWANDA LA AKIBA



Tumekaa kimya siku kadhaa tukisoma maneno yanayopita humu juu ya ndugu yetu mwalimu, mwenye miaka 43, aliyesema hadharani kwamba angependa kuingia jeshi la akiba na, Mungu akijaalia, awe ofisa. Wapo waliomcheka kwa umri wake. Wapo waliomwita msaliti. Kamati ya Tawi imekutana juu ya jambo hili na haya ndiyo maoni yetu. Hatukukubaliana wote kwa kila neno, na pale tulipotofautiana tutasema.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo kicheko kilipo. Ni kweli kwamba mlango wa kuandikishwa JWTZ kama askari wa kudumu humfungikia kijana wa kawaida akiwa katikati ya miaka ya ishirini. Mwalimu wetu hilo analijua, anasomesha watoto wanaojaza fomu hizo kila mwaka. Yeye alizungumzia akiba. Nchi yetu ina Sheria ya Jeshi la Akiba tangu mwaka 1965, na mgambo tunaoufahamu leo ulipata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotaka ulinzi wa nchi uwe kazi ya wananchi wote na usiachiwe askari wa kambini peke yao. Mgambo haujawahi kuwa wa watoto. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, mgambo waliitwa kwa maelfu, wakulima na wafanyakazi waliokwisha kuoa na kuzaa, wakaenda vitani bega kwa bega na jeshi la kudumu. Kwa hiyo anayesema mtu wa miaka arubaini hana kazi jeshini hajauliza wazee wake.

Na kuhusu uofisa, mfano upo. Marehemu Hashim Mbita alizaliwa 1933. Alikuwa mwandishi wa habari, akafanya kazi ya habari kwa Mwalimu Nyerere, na aliingia jeshini mwishoni mwa miaka ya 1960, amekwisha kupita miaka thelathini na ana kazi yake na jina lake. Akapanda mpaka Brigedia Jenerali. Hadi 1994 alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, kazi iliyotaka kichwa kilichokomaa kuliko miguu ya kukimbia. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita mikononi mwake.

Lakini tusimdanganye mwalimu wetu. Mbita aliingia wakati mwengine na kwa njia nyengine. Leo mafunzo ya mgambo ni ya miezi kadhaa: kwata, silaha, ujanja wa porini, kusoma ramani, huduma ya kwanza. Ukimaliza unakuwa mgambo, hupewi nyota. Nyota ya Luteni Usu inatokana na kamisheni, na kamisheni hutunukiwa na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, baada ya kozi ya ofisa kadeti. Hakuna njia ya mkato ya mtu mzima kutoka ubaoni mpaka begani. Kwa hiyo ukipigiwa simu na mtu anayesema ana nafasi za uofisa wa akiba na anataka utume pesa ya fomu, huyo ni tapeli. Jeshi lenyewe limekwisha kutahadharisha mara nyingi kwamba haliuzi nafasi.

Sasa lile neno zito, usaliti.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura anabaki nayo. Ibara hiyohiyo inaeleza mwanajeshi ni nani: askari aliyeajiriwa, kwa muda au kwa kudumu, katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 maofisa wengi waliokuwa wakifanya siasa walilazimika kuchagua. Jakaya Kikwete alilivua gwanda akiwa Luteni Kanali, akabaki katika siasa. Abdulrahman Kinana, Kanali, naye akachagua siasa. Hakuna aliyewaita wasaliti wa jeshi. Basi na mwanachama wetu atakayechagua upande wa pili, akaajiriwa jeshini, tunamtaka aje kwa Katibu wa Tawi, arejeshe kadi yake kwa heshima, aandikwe kwenye daftari, anywe kahawa, aende. Kujificha na kadi mfukoni ndiko kunakotutia hatarini, yeye na sisi.

Mgambo ambaye hakuajiriwa ni jambo jengine. Sisi tunavyoisoma ibara, hatajwi pale. Hata hivyo kusoma kwetu si hukumu ya mahakama, na anayetaka kujiandikisha aulize kwanza, aandikiwe jibu, asitegemee maneno ya barazani. Na hata kama sheria inamruhusu kubaki na kadi, Tawi halitamruhusu kuvaa magwanda kwenye mkutano wetu, wala kutumia mafunzo yake kulinda mikutano. Chama si kambi. Katiba imekataza mtu au chama kuunda jeshi lake, na sisi tunalikataza hilo hata kwa mzaha. Kwa hiyo zile picha za vijana wameshika fimbo kama bunduki zilizorushwa humu wiki iliyopita, zifutwe.

Tunajua kwa nini neno usaliti linatoka haraka Pemba. Januari 2001 haijasahaulika. Watu waliuawa kwa risasi za askari katika kisiwa hiki, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kwa majahazi na ngalawa mpaka Shimoni, Kenya. Yupo kwenye kundi hili mwanachama aliyekuwa mtoto wa mgongoni katika safari ile. Hatumwambii asahau. Hapa ndipo Kamati ilipogawanyika. Walio wengi wanasema: kama gwanda litavaliwa tu na watu wasiotujua, wasiojua nani mama wa nani, basi tusishangae linapotugeukia. Bora ndani yake awemo mtu mzima, mwenye wanafunzi na majirani, ambaye kabla ya kunyanyua mkono ataona sura anazozijua. Walio wachache wakajibu kwamba amri ni amri, na mtu mmoja mwema kwenye safu hageuzi safu. Jibu lao lina uzito, na hatukuwashinda kwa hoja, tuliwashinda kwa kura.

Ila kuna upande ambao hatukubishana hata kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, imebeba watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna kijiji hapa ambacho hakikusoma hitma. Waliotangulia kuwatoa watu majini walikuwemo wavuvi, kwa vyombo vyao na mafuta yao. Mwaka uliofuata, Julai, ikazama MV Skagit. Siku kama zile, anayehitajika ni nahodha mstaafu anayejua mikondo ya mkondo wa Pemba, muuguzi aliyefanya kazi miaka ishirini Hospitali ya Abdalla Mzee, fundi wa redio, mwalimu anayejua kupanga watu mia mbili mistari bila ya kupiga kelele. Watu hawa wapo Mtambile, Kengeja, Mwambe, Mkoani. Wana umri wa miaka 40, 50. Hakuna anayewaandika popote.

Hilo ndilo tunaloitaka Serikali, zote mbili, ilifikirie: akiba iwe na njia ya uofisa kwa watu wazima wenye ujuzi, kwa mtihani na kozi ya kweli, na majina yatangazwe. Nchi nyengine zinafanya. Marekani huwapa kamisheni madaktari na wanasheria wakiwa watu wazima. Hapohapo tuseme tusilolitaka: Juni 2025 Marekani hiyohiyo iliwavika wakubwa wanne wa kampuni za teknolojia cheo cha Luteni Kanali katika jeshi la akiba kwa siku moja. Huku kwetu njia kama hiyo ikifunguliwa, tunajua watakaopita wa mwanzo ni kina nani, na nahodha wa Mkoani hatakuwemo.

Kwa mwalimu wetu: Tawi halikukatazi. Zungumza na mkeo kwanza, maana miezi ya mafunzo ni miezi ya msimu wa karafuu pia, na nani atachuma? Zungumza na mwalimu mkuu wako. Pata jibu la maandishi juu ya kadi. Waliokutukana humu wametakiwa wakuombe radhi kabla ya Ijumaa, na wawili wamekwisha kufanya hivyo.

Mwenye suali alilete Jumamosi baada ya Alasiri, ofisi ya Tawi. Tutaisoma ibara ya 147 kwa sauti, neno kwa neno, kwa faida ya wasioona vizuri kwenye simu.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Tawi, Mtambile