Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA: Sindano ya uso si kipodozi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA),
Kupitia Ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya.

YAH: SINDANO ZA KUJAZA MIKUNJO YA USO

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, na nina mikunjo miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Sikatai kwamba kioo kinanisumbua. Kwa hiyo ninaposema habari za sindano hizi, siwasemi vibaya wanawake wanaozitamani.

Juzijuzi nilikuwa saluni, nasubiri zamu yangu ya kusukwa. Akaingia dada mgeni na mkoba wake, akatoa boksi dogo lenye maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Akasema ni fila, inachomwa palepale kwenye mkunjo, na mtu anaondoka amerudi usichana. Nikamuuliza mambo matatu. Ndani kuna nini? Akasema vitamini. Nani ameiruhusu? Akasema, “Mama, hivi ni vipodozi tu, havina haja ya kibali.” Ikienda vibaya, inatolewaje? Hapo alirudisha boksi mkobani na kuhamia kwa mteja mwingine.

Jibu lake la pili ndilo lililonifanya niandike kwako. Tangu Julai 2019, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilipogeuka kuwa TMDA, vipodozi vilihamia Shirika la Viwango, TBS. Huku mitaani watu wameelewa kwamba chochote cha urembo hakiwahusu ninyi tena. Lakini krimu inakaa juu ya ngozi. Ukiona inakuunguza, unanawa. Jeli iliyosukumwa kwa sindano hadi ndani ya nyama, ikakaa humo miezi au miaka, hainawiki. Hicho ni kifaa tiba, na vifaa tiba mmekabidhiwa ninyi kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Ningependa kauli hiyo itoke kinywani mwenu, kwa Kiswahili, mpaka msusi wa mwisho aisikie.

Sasa lile swali la tatu. Nimelisoma jambo hili kwa bidii kama nilivyokuwa nikiandaa somo, na nimeona kwamba anayechagua fila anachagua, kabla ya yote, kama atakuwa na njia ya kurudi. Zipo za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho wanasayansi walikipata kwa mara ya kwanza mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Marekani iliruhusu ya kwanza ya aina hiyo, Restylane, mwaka 2003, na kazi iliyoruhusiwa ni hii hii ya mikunjo ya puani na mdomoni. Hizi zina dawa yake: kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi, kikichomwa mahali palepale, huiyeyusha jeli. Zipo za chembechembe za kalisi, na zipo zinazoichochea ngozi ijitengenezee kolajeni. Hizo hudumu zaidi, lakini hazina dawa ya kuziyeyusha. Zipo zenye vijipira vya plastiki ambavyo havitoki milele. Halafu ipo silikoni ya majimaji, ambayo Marekani haijairuhusu kabisa kwa kujaza mikunjo, maana huhama, huleta uvimbe, na huharibu sura miaka mingi baada ya mchomaji kusahaulika.

Muuzaji husifu ile inayodumu. Kwetu Tukuyu ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Jirani na mkunjo wa puani hadi mdomoni unapita mshipa mkubwa wa damu wa uso, unaopanda hadi pembe ya jicho. Jeli ikiingia humo, ngozi hukosa damu, ikapauka, ikauma, kisha ikafa; ikifika kwenye mishipa ya jicho, mtu hupofuka, na jicho halisubiri. Hata daktari bingwa anaweza kupatwa na ajali hiyo, lakini yeye anaijua dalili yake na ana dawa pembeni. Kutoka hapa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni takriban kilomita 70, barabara ya milima yenye ukungu na malori, na kosta ya jioni husubiri ijae. Mchomaji wa mkobani, saa hiyo, atakuwa wapi?

Kuna pia kalamu zisizo na sindano, zinazorusha jeli kwa nguvu ya hewa. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wasizitumie. Mtandaoni bado zinauzwa, na mtandao unafika hadi vijijini kwetu.

Ninachokuomba hakihitaji sheria mpya. Orodha ya bidhaa mlizosajili ipo kwenye tovuti yenu. Toeni ya fila peke yake, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ikionyesha ipi huyeyuka na ipi haiyeyuki, ibandikwe Hospitali ya Makandana na kwenye kila duka la dawa muhimu wilayani. Tangazeni kwamba mwenye ruhusa ya kuchoma ni daktari aliyefunzwa, tena mahali penye hayaluronidezi, na mtutajie ni hospitali zipi za kanda hii zinayo. Wakaguzi wenu wa Mbeya wanapokuja Rungwe kukagua maduka ya dawa, wapite na saluni. Na aliyedhurika aambiwe kwamba anaweza kutoa taarifa kwenu bila kuonekana mhalifu, kwa sababu wengi watanyamaza kwa aibu, wakijifunika uso kwa mtandio.

Yule dada mgeni bado yupo mjini. Jumamosi, siku ya gulio, nimemwona tena na mkoba wake. Ninaomba wakaguzi wako wafike kabla hajapata mteja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe