Kiti Chetu Kiko Wazi Tangu 2012

Wasee, leo nina stori ya kiti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inasema kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti. Mawaziri wake wamo. Halafu wawepo watu wasio wafanyakazi wa kaunti, idadi yao sawa na ya hao mawaziri, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na dini.

Umeona nani katajwa wa kwanza? Wataalamu. Na umeona nani hayumo kabisa? Vijana. Yaani ukienda pale ukisema "mimi ni Gen Z, nipe kiti," hiyo sheria haikujui. Ukienda kama chama cha mawakili wachanga, au wauguzi, au mainjinia, inakujua. Mlango wetu ni kazi zetu, bana, na hatuugongi.

Juni 2024 tuliweza. Mawakili wa kujitolea walikesha vituo vya polisi wakiwatoa waliokamatwa. Madaktari na manesi walitibu majeruhi barabarani. Watu wa kompyuta walitengeneza programu za kuuelezea Mswada wa Fedha, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili nyanya zetu pia waelewe. Tarehe 26 Rais akatangaza hatautia sahihi. Kuna waliolipa kwa maisha yao, na hilo sitalipita haraka haraka kama takwimu.

Baadaye kila mtu akarudi kwa grupu lake la WhatsApp. Mawakili kivyao, wahasibu kivyao. Sisi watu wa kamera, ndio usiseme.

Shida ni kwamba bajeti ya kaunti haisomeki na mtu mmoja. Nilikaa kwa kikao kimoja cha waadi, ukumbi umejaa, kitabu cha bajeti kinene kama matofali kimegawanywa asubuhi hiyo hiyo. Kijana wa sheria akasimama, akataja Katiba vizuri sana, akapigiwa makofi. Hakugusa hata namba moja. Nesi aliyekaa nyuma yangu alijua zahanati yao imekosa dawa gani na kwa muda gani, lakini hakujua hiyo dawa inaandikwa ukurasa gani. Mhasibu angemwonyesha kwa dakika mbili. Mhasibu hakuwepo.

Najua mtaniambia: hivyo vikao ni vya kupigwa picha tu, wakubwa washaamua. Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huwezi kufika mahakamani na hasira peke yake. Unahitaji karatasi: tuliwasilisha hoja hii, siku hii, tukapuuzwa. Karatasi hiyo inataka mtu wa sheria, mtu wa hesabu na mtu anayejua hali ilivyo mtaani, wote meza moja.

Sasa kwetu Pwani ongeza jambo lingine. Fikiria maji ya Mombasa. Kisiwa hiki kinakunywa Mzima, ambayo iko Taita Taveta. Kinakunywa Baricho, iko Kilifi. Kinakunywa Marere na Tiwi, ziko Kwale. Halafu sisi wa Mombasa tunaunda kikundi chetu cha "uwajibikaji," tunapigia kelele mifereji mikavu, na hatujawahi kuongea na msee hata mmoja wa Voi, ambaye bomba linapita kwao na yeye anabeba mtungi. (Yeye ana haki ya kutukasirikia zaidi ya sisi kumkasirikia yeyote.) Magavana sita wa Pwani wana jumuiya yao, wanakutana na kupanga. Vijana wa kaunti hizo hizo tunakutana harusini.

Sitaki tusajili shirika jipya. Tunayo ya kutosha, na mengi yanakufa kwa kugombania nani awe mwenyekiti. Vikundi vilivyopo vikopeshane watu. Wahasibu wachanga wa Kilifi wakisoma bajeti yao, wawasomee na Tana River. Injinia wa maji wa Kwale aje aongee na mawakili wa Mombasa kabla hawajaandika hoja. Mimi na wenzangu wa video tutaigeuza kuwa dakika moja ambayo mtu ataitazama matatuni.

Kalenda ipo na haibadiliki: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kabla ya Septemba 1, karatasi ya sera ya fedha kabla ya Februari 28, makadirio kabla ya Aprili 30. Wengi wetu hujitokeza Juni, wakati chakula kishapakuliwa.

Kama uko kwa chama chochote cha wataalamu Lamu, Hola, Voi, Kwale au Kilifi, uliza wiki hii ni nani anakaa kwa kile kiti cha wataalamu kaunti yako, na alipendekezwa na nani. Jibu liandike hapa chini. Mombasa nitauliza mimi Jumatatu.