Feki ya feki: nani mwenye haki ya kuunda helmeti ya Stormtrooper?



Desemba 2024 kule Dallas, Marekani, jozi moja ya viatu ilipigwa mnada ikafika dola milioni 28. Ukijumlisha na ada ya wapiga mnada wenyewe, mnunuzi alitoa dola milioni 32.5. Ni vile viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939. Havina dhahabu wala jiwe la thamani hata moja. Ni viatu vya kike vya kawaida vilivyofunikwa kitambaa cha vidoti vinavyometameta, na shanga za kioo kidogo. Basi.

Utamu wa kisa uko hapa. Viatu hivyo viliibwa mwaka 2005 kwenye makumbusho ya huyo mwanamama huko Grand Rapids, Minnesota, mji aliozaliwa. Mwizi alivunja mlango na kioo kwa nyundo akatokomea. FBI wakaja kuvipata mwaka 2018, na mwizi akakiri mahakamani mwaka 2023, akiwa mzee wa miaka 76. Alisema aliamini viatu vina rubi za kweli. Alipompelekea mtu wa kununua mali za wizi akaambiwa ni vioo tu, akaachana navyo. Jamaa aliiba mali ya mamilioni, akaona ni takataka!

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinanisaidia kuingia kwenye mada ambayo nimekuwa nikiifuatilia kitambo. Kuna watu, hasa Marekani na Uingereza lakini siku hizi dunia nzima, ambao hobi yao ni kuunda nakala za vifaa vya filamu na kuzipanga nyumbani. Upanga wa mwanga wa Luke Skywalker, helmeti ya Darth Vader, kofia na mjeledi wa Indiana Jones, roboti R2-D2. Orijino hawaiwezi, bei mmeshaiona. Toi la dukani linawaudhi maana halifanani. Kwa hiyo mtu anaunda mwenyewe, au ananunua kwa mwenzake aliyeunda, anaweka sebuleni kwenye kabati la kioo lenye taa. Najua wapo watakaosema hizo ni hela za kuchezea za wazungu, sisi tuna shida ya maji na umeme. Sawa. Lakini ndani ya mchezo huu kuna ugomvi wa sheria ambao unatuhusu kuliko tunavyodhani, nitafika huko.

Kwanza mjue hawa jamaa wako serious kiasi gani. Mpini wa upanga wa Luke kwenye Star Wars ya kwanza, ya mwaka 1977, haukubuniwa kiwandani. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, aliukuta kwenye duka la vifaa vya picha London. Ni mpini wa flashi ya kamera za Graflex, kamera za Kimarekani za waandishi wa habari wa miaka ya 1940. Akabandika vipande viwili vitatu, ikawa silaha ya anga za juu. Mashabiki walipogundua wakaanza kusaka hizo flashi kila kona, bei ikapaa, na wakusanyaji wa kamera za kale wakabaki wanasonya kwa sababu kamera zinabaki bila flashi zake. Ikafika hatua watu wakaanza kuunda nakala ya flashi ya Graflex, ili wengine wapate kuunda nakala ya upanga.

Bunduki za wale askari weupe, Stormtrooper, nazo ni hivyo hivyo. Ni Sterling, bunduki halisi ya jeshi la Uingereza tangu mwaka 1953, ikaongezwa madoido. Ndiyo maana Uingereza ilipopiga marufuku kuanzia Oktoba 2007 kutengeneza na kuuza bunduki bandia zinazofanana na za kweli, hobi hii nayo ikaguswa. Hapo mimi siwatetei. Polisi aliyesimama gizani hana muda wa kuuliza kama hiyo ni ya Star Wars.

Sasa tuje kwenye kesi.

Mwaka 1976 fundi mmoja wa plastiki wa Twickenham, kusini-magharibi mwa London, Andrew Ainsworth, alipewa kazi ya kutengeneza helmeti za Stormtrooper kwa ajili ya filamu. Helmeti 50. Kazi yenyewe siyo ya miujiza: unapasha bamba la plastiki moto hadi lilegee, unalilaza juu ya kalibu, unanyonya hewa kutoka chini, plastiki inashika umbo. Filamu ikatoka, ikavunja rekodi, fundi akaendelea na maisha yake. Mwaka 2004 akatoa zile zana za zamani alizokuwa amezihifadhi, akaanza kuuza helmeti na mavazi kwa mashabiki.

Lucasfilm wakaja juu. Mwaka 2006 mahakama ya California iliwapa ushindi wa dola milioni 20, yeye hakwenda kujitetea. Na mauzo yake yote ya Marekani mnajua yalikuwa kiasi gani? Mahakama za Uingereza zilikuta ni kati ya dola 8,000 na 30,000. Kwa hiyo mtu aliyeuza vitu ambavyo havifiki bei ya gari la mtumba la maana alitakiwa kulipa milioni ishirini. Hukumu hiyo ikashindikana kutekelezwa Uingereza, na kesi ikasikilizwa upya kule kule: Mahakama Kuu 2008, Rufaa 2009, hatimaye Mahakama ya Juu Julai 2011.

Swali kubwa lilikuwa moja, na ukilisikia utacheka: je, helmeti ya Stormtrooper ni sanamu? Kwa sheria ya Uingereza, ikiwa ni sanamu, kazi ya sanaa, hakimiliki yake inadumu maisha yote ya msanii na miaka 70 baada ya kifo chake. Kama si sanamu, ni bidhaa tu iliyobuniwa, ulinzi wake ni wa miaka michache na ulikuwa umeshakwisha. Majaji wakaamua si sanamu. Wakasema kazi ya sanaa ni filamu yenyewe, helmeti ni kifaa tu kilichotumika katika kuitengeneza. Ila wakaongeza kwamba kwa yale mauzo ya Marekani, mahakama ya Uingereza inaweza kusikiliza kesi dhidi yake kwa kufuata sheria ya hakimiliki ya Marekani. Kwa lugha nyepesi: uza Uingereza, usithubutu kupeleka Marekani.

Nisiwafiche, Ainsworth hakuwa malaika. Alidai yeye ndiye mbunifu wa helmeti, na Mahakama Kuu haikumwamini. Ilikuta kwamba michoro ilitoka kwa Ralph McQuarrie na umbo la udongo lilifinyangwa na Nick Pemberton, yeye alifanya kazi ya plastiki. Lakini hata hivyo naona majaji walipatia. Hebu fikiri, kama kila ndoo, kiti na kofia iliyopita mbele ya kamera ingekuwa sanamu ya kulindwa kwa karne nzima, fundi seremala angehitaji wakili pembeni kila akipiga msumari.

Marekani wao wamekwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya eneo la magharibi iliamua kesi ya jamaa aliyekuwa anaunda nakala za Batmobile, gari la Batman, na kuziuza kama dola 90,000 kila moja. DC Comics wakamshinda. Sababu? Mahakama ilisema Batmobile si kifaa tu, ni mhusika. Gari ni mhusika! Lina tabia zake, linatambulika popote, kwa hiyo lina hakimiliki kama alivyo Batman mwenyewe. Halafu Mei 2025 mahakama hiyo hiyo ikakataa kuipa heshima hiyo Eleanor, lile gari la Gone in 60 Seconds. Eleanor si mhusika, ni gari lenye jina. Nimejaribu kuielewa hii mistari na bado naona kwamba fundi wa kawaida hawezi kujua yuko upande gani mpaka aburuzwe mahakamani. Na anayemudu kuburuzana ni yule mwenye mfuko mnene.

Ila mkumbuke jambo moja ambalo studio hazipendi kukumbushwa. Wenyewe hawakuvitunza vitu hivi. Mwaka 1970 MGM walifungulia stoo zao, mavazi na vifaa vya miongo kadhaa vikapigwa mnada kama vyombo vya mtu anayehama. Jozi mojawapo ya viatu vya Judy Garland ilikwenda kwa dola 15,000. Mwigizaji Debbie Reynolds alinunua vingi kwa hela yake mwenyewe akitaka kujenga makumbusho, akahangaika miaka arobaini bila kufanikiwa, na mwaka 2011 akalazimika kuviuza. Gauni jeupe la Marilyn Monroe peke yake likafika dola milioni 4.6. Oktoba 2023 modeli ya chombo cha X-wing, iliyokutwa ndani ya boksi nyumbani kwa fundi wa modeli Greg Jein baada ya kufariki, iliuzwa zaidi ya dola milioni 3. Sehemu kubwa ya vitu hivi inaingia kwenye makasha ya matajiri.

Waliobaki wanajua helmeti ilikunjwa wapi, mpini una meno mangapi, rangi ilikuwa ipi, ni hao hao wenye hobi. Wanasimamisha filamu picha kwa picha, wanalinganisha mikwaruzo, na ni kwa njia hiyo hiyo mara nyingi orijino inathibitishwa kabla ya mnada. Mwaka 2013 bosi wa Lucasfilm, Kathleen Kennedy, alikwenda kwenye mkutano wa mashabiki kule Essen, Ujerumani, akakuta R2-D2 zilizoundwa na mashabiki. Wawili kati yao wakaajiriwa kuunda R2-D2 ya filamu ya The Force Awakens iliyotoka 2015. Kampuni ile ile iliyomfukuza fundi wa Twickenham mahakama hadi mahakama!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayeunda cha kwake akaweka kabatini, aachwe. Anayeuza vichache kwa mashabiki wenzake na kusema wazi kwamba ni nakala, akae mezani na studio wapange ada inayolipika. Lakini anayechukua nakala, akaipaka uchafu ionekane ya kale, akaiuza kama orijino, huyo ni tapeli kama matapeli wengine wote, na mashabiki wenyewe ndio wa kwanza kumuumbua.

Sasa lile nililoahidi, linalotuhusu. Kabla ya kucheka wazungu wanaogombea helmeti za plastiki, waulizeni Wagiriama kuhusu vigango. Ni nguzo za mbao wanazochonga Wamijikenda wa pwani ya Kenya kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango hakitakiwi kung'olewa. Viliibwa kwa mamia, vikauzwa kwa madalali wa sanaa, vikaishia Marekani, na vingine vilikuwa vinapamba nyumba za watu wa Hollywood hiyo hiyo. Makumbusho moja ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 na bado vilikaa miaka kadhaa kabla ya kufika nyumbani. Hebu linganisha: helmeti ya plastiki ya mwaka 1976 ilipata majaji wa ngazi tatu kujadili heshima yake. Kigango cha mzee wa watu kilisafiri kama mkaa.

Au Hakuna Matata. Disney waliomba maneno hayo yawe alama yao ya biashara kwenye fulana mwaka 1994, wakasajiliwa Marekani mwaka 2003. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshayaimba tangu 1982, na bibi yangu tangu hajui kama kuna redio. Watu wengi wakasaini malalamiko Desemba 2018, makelele yakawa makubwa, yakapoa. Usajili huo haumzuii mtu kusema, wanasheria walieleza sana, lakini unaonyesha nani huwahi ofisini na fomu.

Tukirudi kwenye viatu. Kwenye kitabu cha Oz cha mwaka 1900 viatu vilikuwa vya fedha. Wekundu ni ubunifu wa MGM, na kitabu hakina hakimiliki tena. Ndiyo maana kwenye Wicked ya 2024, iliyotengenezwa na studio nyingine, mliona viatu vya fedha. Vile vyekundu hakimiliki ya filamu yake inakwisha Marekani tarehe 1 Januari 2035. Fundi viatu wa Kariakoo anayenisoma aweke alama kwenye kalenda.

Wadau mlioko Uingereza, kama kuna aliyewahi kununua ile helmeti ya Twickenham, tuambieni hapo chini bei yake na kama kweli mtu anaweza kuona mbele akiivaa.